UZI: Konosuke Matsushita wa National na Panasonic, kuanzia soketi ya kwanza, na kinachochukulika na fundi wa Dodoma

FundiNkuhungu aliandika:

Mbukwenyi wakuu.

Aliyekulia Bahi, Mpwapwa au Kongwa anaijua redio ya National: ipo juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na betri zikichoka zinaanikwa juu ya bati ili zipate nguvu ya kufikia taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kampuni ya redio hizo ilianzisha kampuni tanzu Dar es Salaam mwaka 1966, ikawa inatengeneza betri kavu na redio hapa hapa nchini. Mwenyewe aliitwa Konosuke Matsushita. Habari zake husimuliwa sana kama hadithi ya maskini aliyetajirika. Naomba humu tujadili kazi yenyewe: alitengeneza nini, kwa nini kilikataliwa, na hela ya kwanza ilitoka wapi.

Alizaliwa 27 Novemba 1894, kijiji cha Wasa, mkoa wa Wakayama, Japani, mtoto wa mwisho kati ya wanane. Baba yake alikuwa na ardhi, akajiingiza kwenye biashara ya kubahatisha bei ya mchele, mali yote ikaenda mwaka 1899. Akiwa na miaka 9 mtoto akapelekwa Osaka, kwanza kwenye duka la majiko ya makaa, kisha duka la baiskeli. Duka la baiskeli ndilo lililomfunza chuma na mashine ya kukereza. Mwaka 1910 akaingia kampuni ya umeme ya Osaka kama msaidizi wa kufunga nyaya, na kufikia 1917 alikuwa mkaguzi wa kazi za wenzake.

Hapo alibuni holda ya balbu (ndiyo soketi) iliyoboreshwa. Akampelekea bosi, bosi akaikataa. Juni 1917 akaacha kazi akiwa na miaka 22, mkononi chini ya yen 100. Karakana ilikuwa nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Wafanyakazi: yeye, mkewe Mumeno, shemeji yake Toshio Iue aliyekuwa kijana mdogo, na wenzake wawili wa kazini.

Naanzia hapo. Wenye ujuzi wa soketi, taa na biashara karibuni.

BintiMakole aliandika:

Asante mkuu. Swali: hiyo holda ya kwanza iliuzika?

FundiNkuhungu aliandika:

Haikuuzika, dada. Walizunguka Osaka kama siku kumi, zikaondoka soketi 100 hivi, na mauzo hayakufika yen 10. Wale wenzake wawili wakarudi kutafuta ajira. Mke akaanza kuweka kimono zake rehani.

Tatizo la kwanza lilikuwa malighafi. Mwili wa soketi ulitengenezwa kwa mchanganyiko wa kuhami umeme: lami, asbesto na unga wa mawe. Hawakujua vipimo. Waliokota mabaki kiwandani wakajaribu kuyachambua, mpaka mtu aliyekuwa akishughulika na mchanganyiko huo alipowaonyesha. (Asbesto asiiguse mtu leo, vumbi lake linaua mapafu. Kwa sasa kazi hiyo hufanywa na bakelaiti au plastiki isiyoshika moto.)

Tatizo la pili ni kwamba duka la jumla halina sababu ya kubadilisha soketi inayotembea kwa soketi ya mtu asiyejulikana, hata kama ni nzuri zaidi.

Hela ya kwanza ilitoka pembeni kabisa. Desemba 1917 ilikuja oda ya vibao 1,000 vya kuhami umeme vya kuwekwa kwenye feni. Kazi ilikuwa kupasha ule mchanganyiko na kuugandamiza kwenye kalibu, basi. Walifanya usiku na mchana, wakalipwa yen 160, na faida ikawa 80. Kwa hiyo soketi, bidhaa aliyoacha kazi kwa ajili yake, haikumlisha. Kilichomlisha ni ujuzi wa malighafi alioupata akihangaika nayo.

Tarehe 7 Machi 1918 akasajili karakana rasmi.

KizotaUmeme aliandika:

Hapo pana jambo ambalo mafundi wengi wa hapa mjini hulipita. Kijana akihitimu VETA (chuo cha ufundi stadi) anataka kutoa bidhaa yenye jina lake siku ya kwanza, wakati oda za vipande zipo: mabano ya kushikia paneli za sola, maboksi ya betri za bodaboda, nyaya za taa zilizokatwa na kubanwa vichwa tayari, vibao vya swichi kwa mafundi ujenzi wa Nkuhungu na Ipagala. Ni kazi isiyo na jina, lakini inalipa kodi ya fremu na kuufunza mkono.

Niongeze kuhusu bidhaa zilizofuata, maana mitandaoni huandikwa kwamba Matsushita ndiye aliyevumbua soketi ya njia mbili. Siyo kweli, zilikuwepo. Alichofanya ni kuziboresha na kushusha bei. Plagi yake ya kwanza aliiuza kwa bei ya chini ya soko kwa asilimia 30, kwa sababu alitumia tena vichwa vya balbu chakavu kama sehemu ya chuma.

Na soketi ya njia mbili ilitembea kwa sababu ya hali ya nyumba za Japani wakati ule. Nyumba nyingi zilikuwa na sehemu moja tu ya umeme, ile ya taa inayoning'inia darini. Ukitaka kupiga pasi usiku, unafungua balbu, unabaki gizani. Soketi yake iliwapa taa na kifaa kingine kwa pamoja.

Chamwino_J aliandika:

Wakuu, mbona hizo za njia mbili zipo tele Majengo sokoni? Unafunga kwenye holda, upande balbu, upande plagi. Si ndiyo ile ile?

KizotaUmeme aliandika:

Ni ile ile kwa umbo, mkuu, na naomba usiiweke pasi kabisa. Angalia hesabu.

Pasi ya wati 1000 kwenye volti 230 inavuta ampia 4.35. Waya unaoning'iniza holda darini mara nyingi ni wa milimita 0.75 za mraba, na holda nyingi za bei nafuu zimetengenezewa ampia 2 hadi 4. Hapo tayari umevuka. Lakini kinachounguza hasa ni mguso uliolegea. Chukua mguso mchafu wenye ukinzani wa omu 0.5: mkondo mara mkondo mara ukinzani, yaani 4.35 × 4.35 × 0.5, unapata wati 9.5 za joto ndani ya kitu kidogo kama kizibo cha chupa. Plastiki inalainika, chemchemi ya shaba inapoteza nguvu, mguso unalegea zaidi, joto linapanda tena. Sakitibreka haitaruka, kwa sababu mkondo haujazidi. Dalili za mwanzo ni harufu kama ya samaki aliyeoza, na rangi ya kahawia kuzunguka kile kipande cha katikati.

Vumbi letu la Agosti na Septemba linaharakisha hilo, maana upepo wa hapa unaliingiza hadi ndani ya holda. Soketi ya njia mbili iachiwe balbu na chaja ya simu. Pasi na jiko vinahitaji laini yake ya soketi ya ukutani, waya wa milimita 2.5 za mraba, na kazi ifanywe na mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji).

FundiNkuhungu aliandika:

Hesabu safi kabisa. Sasa tuje kwenye taa ya baiskeli ya 1923, kwa maoni yangu ndicho kiini cha maisha yake yote ya biashara.

Wakati ule taa za betri za baiskeli ziliwaka saa 2 au 3, basi. Watu wakazichukia, wakabaki na mishumaa, na upepo ukivuma mshumaa unazima. Matsushita alitumia karibu nusu mwaka na sampuli zinazokaribia 100. Kilichomtoa ni balbu ndogo mpya iliyokula miliampia 120 hivi, badala ya 400 au 500 za balbu ya kawaida. Akaipangia betri ndani ya ganda lenye umbo la risasi. Taa ikawaka saa 30 hadi 50.

Maduka ya jumla yakaikataa! Kila mwenye duka alikuwa ameshaumwa na taa za betri. Akaacha kuwabembeleza, akatuma vijana kwenye maduka ya baiskeli, wakaacha taa mbili tatu kila duka, moja wapo wakaiwasha pale pale. Sharti: iangalie yenyewe itawaka saa ngapi, ukiridhika uza na unilipe, usiporidhika hunidai na sikudai. Ndani ya muda mfupi wenye maduka ndio waliokuwa wanamtafuta.

MjasiriaSingida aliandika:

Yaani mali kauli.

FundiNkuhungu aliandika:

Mali kauli ndiyo, ila yenye ushahidi unaowaka mezani. Mali kauli ya kawaida inategemea uaminifu wa mchukuaji. Yeye alimfanya mwenye duka awe mpimaji. Hakuna maneno ya muuzaji yanayofikia taa iliyowashwa jioni na asubuhi bado inawaka, wateja wote wa siku hiyo wameiona.

BintiMakole aliandika:

Tuseme mtu anataka kuunganisha taa za sola hapa Dodoma aziuze Kibaigwa na vijijini Chamwino. Anapimaje saa zake kwa uhakika kabla hajazipeleka? Betri za sokoni zinaandikwa uongo mwingi.

KizotaUmeme aliandika:

Dada, swali lako ndilo lenyewe. Nikupe utaratibu wa betri za lithiamu aina ya 18650, zile za mviringo zinazofanana na betri ya tochi; moja moja tunaiita selo.

Anza na mzani. Selo nzuri ina gramu 44 hadi 48. Ikiwa na 30 na kitu, iache. Na yoyote iliyoandikwa miliampia-saa 9900 ni uongo wa wazi, kwa umbo hilo hata zilizo bora huishia karibu na 3500. Nyingi za maana ni 2000 hadi 2600.

Kisha kipimo cha saa. Ijaze hadi volti 4.2. Unganisha rizista ya omu 10, wati 5, kwenye ncha zake mbili, andika saa uliyoanza. Kwa wastani wa volti 3.7 inatoka ampia 0.37. Pima kwa mita kila nusu saa, ikifika volti 3.0 chomoa. Usipitilize, ikishuka sana selo inaharibika na kuijaza tena ni hatari. Zidisha saa kwa 0.37. Saa 5 na dakika 24 ni sawa na ampia-saa 2. Ikiishia saa moja na nusu, umepata 0.55, na hiyo ndiyo namba ya kweli hata kibandiko kikisema nini. Rizista itapata moto, iweke juu ya kigae, siyo juu ya meza ya plastiki.

Chaguo la mkondo ndipo alipo Matsushita mwenyewe. Taa ya LED ya wati 1 ukiiendesha kwa miliampia 350 inapendeza dukani, ila selo ya 2000 inaisha chini ya saa 6. Ukiishusha hadi 120 mwanga unapungua, lakini kwa chumba cha kusomea unatosha, na saa zinazidi 16. Mtu wa Chinangali hanunui mwanga wa kumulika uwanja, ananunua uhakika wa usiku mzima pamoja na siku ya pili ya mawingu.

Kwa kuchaji, bodi ya TP4056 (kibodi kidogo cha kuchajia selo ya lithiamu) inakuja na rizista ya omu 1200 inayoruhusu ampia 1. Paneli ya wati 3, volti 6, haiwezi kutoa hiyo. Kwenye jua dogo la asubuhi bodi inavuta kuliko paneli inavyotoa, volti zinaanguka, chaji inakatika na kurudi. Badilisha rizista hiyo kwa omu 2400, ushuke hadi miliampia 500. Chukua bodi yenye ulinzi, ile yenye vipande vya ziada karibu na ncha za betri, siyo ya bei rahisi isiyo nao. Na usiunganishe paneli ya volti 9 au 12 moja kwa moja, kikomo cha TP4056 ni volti 8.

Chamwino_J aliandika:

Kinachorudishwa zaidi ni nini?

KizotaUmeme aliandika:

Swichi na waya wa paneli. Swichi kwa vumbi: tumia ya kubonyeza yenye mpira juu. Waya wa paneli hukatika pale unapoingia kwenye boksi kwa sababu ya kuvutwa, upige fundo ndani kabla ya kuuchomelea risasi. Betri yenyewe ni ya tatu, nayo hufa kwa taa kuachwa juu ya bati siku nzima pamoja na paneli. Paneli ikae juani, taa ikae kivulini, kwa hiyo waya usipungue mita 3.

MjasiriaSingida aliandika:

Mimi ni wa upande wa biashara, niseme la wakala. Baada ya soketi ya njia mbili kuanza kutembea, duka moja la jumla lilimwomba Matsushita haki ya kuuza peke yake. Akakubali kwa sharti la amana ya yen 3,000, akaitumia kuongeza mashine. Uzalishaji ukapanda. Kisha washindani wakashusha bei, wakala akashindwa kutimiza ahadi, akavunja mkataba. Matsushita akabaki na mashine, wafanyakazi na mzigo, bila hata mteja mmoja wa kwake. Ikabidi azunguke mwenyewe kwa wauzaji wa Osaka, kisha hadi Tokyo.

Hili linatokea hapa kila mwaka. Mtu anatengeneza bidhaa nzuri, mwenye duka kubwa mjini anamwambia "nitachukua zote, usimpe mwingine." Kama ni lazima, andikeni: kiasi cha chini kwa mwezi, eneo (mfano Dodoma mjini tu, siyo Kondoa na Manyoni), muda usiozidi miezi sita, na kwamba kiasi kisipofikiwa miezi miwili mfululizo haki inarudi. Amana ilipwe kabla. Na majina ya wauzaji wadogo wanaochukua kwa wakala uyapate wewe mwenyewe kupitia kadi za dhamana ya bidhaa.

FundiNkuhungu aliandika:

Naye alijifunza. Mwaka 1927 alipotoa taa ya mraba, ya kwanza kubeba jina National, aliamua kugawa taa 10,000 bure. Betri hakuwa nazo, zilitoka kiwanda cha Okada, Tokyo. Akamwendea mwenyewe: nipe betri 10,000; nikiuza 200,000 kabla ya mwaka kwisha, hizo ziwe bure, nisipofikisha, nitazilipia. Okada akakubali. Zilipogawiwa kama 1,000 tu, oda zikaanza kumiminika. Hadi Desemba ziliuzwa 470,000, na mwanzoni mwa Januari Okada alisafiri hadi Osaka, amevaa rasmi, kumpa barua ya shukrani.

Mwaka huo huo, pasi. Soko la Japani halikufika pasi 100,000 kwa mwaka, bei yen 4 hadi 5. Akamwambia fundi wake Tetsujiro Nakao watoe 10,000 kwa mwezi, kwa yen 3.20. Alianza na bei ambayo mwalimu wa shule angeimudu, ndipo akarudi nyuma kutafuta idadi itakayoiwezesha.

BintiMakole aliandika:

Na lile la 1929 la kutofukuza wafanyakazi? Linasifiwa sana. Kwa karakana ya watu wanne linawezekana kweli?

MjasiriaSingida aliandika:

Lisomwe na masharti yake, dada. Desemba 1929 mauzo yalishuka zaidi ya nusu, ghala likajaa. Agizo lilikuwa hivi: uzalishaji nusu, kazi nusu siku, mshahara kamili, hakuna wa kuachishwa, na watumishi waache mapumziko wakauze mzigo. Februari 1930 ghala likawa tupu. Sharti la mwisho ndilo lililolipia yale mengine.

Kwa karakana ndogo ya hapa, kipimo ni kimoja: thamani ya mzigo uliopo ghalani, kwa bei ya kuuza, inalipa mishahara ya miezi mingapi? Kama ni miwili au zaidi, acha kutengeneza, pelekeni wote minadani. Kama mzigo haupo, mshahara kamili utatoka wapi? Na majira yana maana. Fedha ya vijijini inaonekana baada ya mavuno, kuanzia Juni, kwa alizeti na mtama. Kwenye zabibu inakuja mara mbili, kuna msimu wa Februari na Machi na wa Agosti na Septemba. Desemba na Januari mkulima ananunua mbegu, taa hataitazama.

Chamwino_J aliandika:

Mzee wangu mmoja anasema redio za Japani zilishinda kwa kuiga tu. Wakuu mnasemaje?

FundiNkuhungu aliandika:

Mzee aheshimiwe, lakini redio ina historia yake. Alianza 1930 kwa kununua kiwanda cha mtu, redio zikarudi kwa wingi zikiwa mbovu. Nakao na wenzake wakaanza upya, na 1931 redio yao ya taa tatu (zile taa za kioo za ndani ya redio za zamani) ikashinda shindano la shirika la utangazaji la Japani. Oktoba 1932 akanunua hataza (haki za uvumbuzi) za redio za mvumbuzi aliyekuwa akiwadai watengenezaji wote, kwa yen 25,000, akaziachia sekta nzima bure. Mwigaji hafanyi hivyo.

Teknolojia ya nje aliinunua waziwazi. Mwaka 1952 aliingia ubia na Philips ya Uholanzi. Philips walitaka asilimia 7 ya mauzo kwa ujuzi wao. Upande wake ukajibu kwamba usimamizi nao una bei. Wakamalizia Philips asilimia 4.5, Matsushita 3 ya uongozi.

Na yule shemeji, Toshio Iue, alitoka baada ya vita akaanzisha Sanyo mwaka 1947. Zaidi ya miaka 60 baadaye Panasonic iliinunua Sanyo.

Julai 1964 wauzaji wake walikuwa wanapata hasara. Akawaita kwenye mji wa Atami, siku tatu akawasikiliza wakimlaumu usoni, mwisho akakiri kosa ni la kampuni, akalia mbele yao. Alikuwa mwenyekiti mwenye miaka 69, akarudi kukaa kiti cha mkuu wa mauzo. Alifariki 27 Aprili 1989, na kampuni ikabadili jina rasmi kuwa Panasonic mwaka 2008.

BintiMakole aliandika:

Swali la mwisho. Hizo taa za kuachwa dukani, kumbukumbu zake ziwekwe vipi zisipotee?

MjasiriaSingida aliandika:

Daftari la kaunta, ukurasa mmoja kwa duka moja. Kila taa iwe na namba iliyochorwa kwa msumari chini ya boksi, siyo kibandiko. Safu zake: namba ya taa, tarehe ya kuachwa, saa iliyowashwa, saa iliyozima, imeuzwa au imerudi, sababu ya kurudi, saini ya mwenye duka. Acheni taa tatu, zisizidi, na mrudi siku ya saba. Duka ambalo taa ya mfano haikuwashwa kabisa, chukueni zote tatu mpeleke duka la jirani.

KizotaUmeme aliandika:

Na ile ya mfano ichajiwe hadi 4.2 mbele yake, aione mita mwenyewe. Ikizima mapema kuliko mlivyosema, msibishane naye. Ileteni karakanani, pimeni selo kwa ile rizista ya omu 10 kabla ya kugusa kitu kingine.